Joto Ndani ya Kasha: Jinsi Kompyuta ya Michezo Ilivyopata Umbo Lake

Anayetaka kompyuta ya kuchezea michezo siku hizi mara nyingi huanza na macho. Hulitazama kasha lenye kioo ubavuni na feni zinazong'aa rangi, akaridhika nalo, kisha ndipo anapouliza ni prosesa gani na kadi gani ya michoro vitakaa ndani. Duka halina sababu ya kumkatalia. Lakini ukifuatilia jinsi mashine hii ilivyojengwa kwa zaidi ya miaka arobaini, utaona kwamba mafundi walioipa umbo lake walikwenda kinyume na mpangilio huo. Walianza na wati, wakauliza joto la wati hizo litatokea wapi, na mwisho wakaamua sanduku liweje. Ninachodai ni kwamba karibu kila tunachokiona ndani ya kasha la leo, tangu mahali pa prosesa hadi matundu ya mbele, ni jibu la swali la joto la wakati fulani, na kwamba urembo ulipata nafasi pale tu joto lilipopungua.

1981–1994: Kasha lisilo na kazi ya kupoza

IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, modeli 5150, tarehe 12 Agosti 1981. Prosesa yake, Intel 8088, ilikuwa na transista 29,000, ilikwenda kwa kasi ya megahezi 4.77, na ilikula kama wati mbili. Pawasaplai ya mashine nzima ilitoa wati 63.5. Feni ilikuwa moja, nayo ilifungwa ndani ya pawasaplai hiyo, ikivuta hewa kutoka kwenye kasha na kuitupa nyuma. Prosesa ilikaa wazi bila kipande chochote cha chuma juu yake, wala haikukihitaji. Kasha lilikuwa na kazi nyingine: kubeba uzito wa skrini iliyowekwa juu yake, kuzishika kadi zisicheze, na kuzuia mawimbi ya redio yasivuruge vyombo vya jirani. Pawasaplai za matoleo yaliyofuata zilikua haraka, wati 130 kwa XT ya 1983 na wati 192 kwa AT ya 1984, ila ukuaji huo uliletwa zaidi na diski ngumu na kadi za ziada kuliko prosesa.

Kipindi hiki kilirithisha mpangilio wa ndani uliobuniwa bila kulifikiria joto. Kwenye bodi mama za aina ya AT, na zile ndogo zilizozifuata, prosesa mara nyingi ilikaa upande wa mbele, kwenye njia ya kadi ndefu, mbali na feni pekee iliyokuwapo. Halikuwa tatizo hadi prosesa zilipoanza kuchemka. Kufikia 1992, Intel ilipotoa 486DX2 ya megahezi 66, kipozeo cha alumini juu ya prosesa kilikuwa kitu cha kawaida. Mwaka uliofuata ikaja Pentium ya kwanza, yenye transista milioni 3.1 na umeme wa volti 5, ikitoa karibu wati 15. Leo kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa sanduku la wakati ule ilikuwa mara ya kwanza prosesa kuhitaji feni yake yenyewe. Desemba 1993 mchezo wa Doom ulitoka, na watu wengi wakaanza kununua prosesa yenye kasi kwa ajili ya mchezo, wala si kwa ajili ya hesabu za ofisi. Mambo haya mawili, prosesa inayochemka na mteja anayeitafuta kwa makusudi, yalikutana katika miaka hiyo, na yote yaliyofuata yametokana na makutano hayo.

1995–2000: ATX na kadi ya tatu-dimensheni

Julai 1995 Intel ilichapisha kanuni za ATX, na kwa maoni yangu hakuna hati iliyoathiri kompyuta za michezo kuliko hiyo. Bodi mama iligeuzwa nyuzi 90, prosesa ikahamishiwa karibu na pawasaplai, na kadi ndefu zikapata nafasi bila kuigonga. Nia ilikuwa feni ya pawasaplai ifanye kazi mbili: kupoza pawasaplai na kupoza prosesa. Toleo la mwanzo lilipendekeza hata feni hiyo isukume hewa kuelekea ndani, moja kwa moja kwenye prosesa. Wazo hilo halikudumu. Hewa iliyopita kwenye pawasaplai ilifika kwa prosesa ikiwa imekwisha kupata joto, tena ikiwa na vumbi, na watengenezaji wakarudia desturi ya kuitoa nje. Mpangilio wa ATX ulibaki, ingawa sababu yake mojawapo ilikuwa imeshindwa. Hadi leo bodi ya ukubwa kamili ina milimita 305 kwa 244, na kasha lililonunuliwa miaka ishirini iliyopita bado linaweza kuipokea.

Udumifu huo ndio uliomwezesha mchezaji wa kawaida kuchagua sehemu zake mwenyewe. Bila ATX, kila kampuni ingeuza sanduku lake na bodi yake, na soko la kasha, pawasaplai na vipozeo vinavyouzwa kimojakimoja lisingepata wateja wa kutosha. Udumifu huo pia ulikuja na deni. ATX ilibuniwa kwa kuamini kwamba joto kubwa hutoka kwenye prosesa, na kwamba kadi zilizochomekwa chini yake ni vitu baridi. Mwaka 1996 dhana hiyo ilikuwa kweli. Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, kadi iliyowafungulia wengi mlango wa michezo ya tatu-dimensheni, iliuzwa bila kipozeo juu ya chipu zake. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1999, NVIDIA ilitoa GeForce 256 ikiwa na feni juu yake. Na Agosti 2002 ATI ilitoa Radeon 9700 Pro, ambayo ilihitaji waya wake wa umeme kutoka kwenye pawasaplai kwa sababu tundu la bodi mama halikuitosha. Katika miaka sita chanzo kikuu cha joto kilikuwa kimeanza kuhamia mahali ambapo ATX haikukitarajia.

Wakati huohuo wachezaji waligundua kwamba kasi inaweza kununuliwa kwa ubaridi. Celeron 300A ya Agosti 1998 iliuzwa kama prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300, lakini ukiipandisha kasi ya basi ya bodi mama kutoka megahezi 66 hadi 100 ilifika 450, mradi ipozwe vizuri. Hapo kipozeo kilipata maana mpya. Awali kilikuwa kinga ya kuzuia chipu isiungue. Sasa kikawa njia ya kupata kasi ambayo mtengenezaji hakuiuza. Wapenzi wa jambo hili wakaanza kujenga mifumo ya maji kwa vitu vya mitaani: rejeta ndogo za hita za magari, pampu za matangi ya samaki, na vipande vya shaba walivyovichonga wenyewe. Walikuwa wachache, na wengi wao walipoteza vifaa kwa kuvuja, lakini kila kipozeo cha maji kinachouzwa leo kimerithi kazi yao.

2000–2006: Ukuta

Kwa miaka thelathini tasnia ya chipu iliishi kwa ahadi iliyoelezwa na Robert Dennard na wenzake wa IBM mwaka 1974. Ukiipunguza transista ukubwa, walionyesha, unaweza kupunguza volti na mkondo wake kwa uwiano huohuo, hivyo eneo lilelile la silikoni litabeba transista nyingi zaidi, zenye kasi zaidi, bila joto la eneo hilo kuongezeka. Ahadi hiyo ilikuwa na mpaka. Transista zilipokuwa ndogo mno, umeme ulianza kuvuja hata pale zilipozimwa, na volti haikuweza kushushwa tena bila kuzifanya zisifanye kazi. Pat Gelsinger wa Intel alionya mwaka 2001 kwamba mwenendo ukiendelea, joto la kila sentimita ya mraba ya chipu lingelingana na la mtambo wa nyuklia.

Kampuni yake ilikuwa tayari imechukua njia iliyoelekea huko. Pentium 4, iliyotoka Novemba 2000, ilijengwa ili ifikie gigahezi nyingi kuliko mshindani yeyote, na tangazo la gigahezi liliuza. Februari 2004 likaja toleo lililoitwa Prescott. Kwa desturi ya miaka yote, chipu iliyopunguzwa hadi nanomita 90 ingepaswa kula umeme mdogo kuliko iliyotangulia. Prescott ilivuka wati 100, na toleo lake la gigahezi 3.8 lilikadiriwa wati 115. Mei mwaka huo Intel ilifuta mrithi wake, Tejas, na Oktoba ikafuta Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa. Sioni tukio jingine katika historia hii lenye uzito kama hilo. Kampuni yenye fedha na maarifa kuliko zote ilishindwa na kitu ambacho mchezaji yeyote angeweza kukihisi kwa kuweka kiganja nyuma ya kasha.

Intel ilijaribu pia kulibadilisha kasha lenyewe. Kanuni za BTX, zilizotangazwa 2003, ziliweka prosesa mbele kabisa, nyuma ya feni kubwa inayovuta hewa baridi, na njia ya hewa ikanyooka kutoka mbele hadi nyuma ikipita kwenye kadi ya michoro pia. Kwa upande wa ufundi ulikuwa mpangilio bora kuliko ATX. Hata hivyo ulishindwa, na kufikia 2006 Intel iliacha kuusukuma. Anayepinga hoja yangu anaweza kuanzia hapa: kama joto ndilo linaloamua umbo, mbona muundo uliopoza vizuri zaidi haukushinda? Jibu ni kwamba joto lililouzaa BTX liliondoka kabla haujakomaa. Julai 2006 Intel ilitoa Core 2 Duo, iliyotokana na ukoo wa prosesa za kompyuta za mkononi zilizosanifiwa Haifa, Israel, na matoleo yake mengi yalikadiriwa wati 65 huku yakiishinda Pentium 4 kwa mbali. Hakuna mtengenezaji wa kasha ambaye angetupa mitambo yake ya ATX kwa ajili ya prosesa zilizopoa.

2005–2011: Kasha linafikiriwa upya

Mabadiliko yaliyodumu yalitoka kwa watu waliokereka na kelele. Ukuta wa joto ulikuwa umewaachia wachezaji feni ndogo za milimita 60 na 80 zinazozunguka kwa kasi kubwa na kulia kama mashine ya kinyozi. Kadi ya GeForce FX 5800 Ultra ya 2003 ilikuwa na sauti mbaya kiasi kwamba NVIDIA wenyewe walitengeneza video ya kuidhihaki. Mwaka 2005 Antec ilitoa kasha la P180, lililobuniwa kwa ushauri wa Mike Chin, mhariri wa Silent PC Review. Pawasaplai ilishushwa chini, kwenye chumba chake, ivute hewa yake yenyewe badala ya hewa ya moto iliyopita kwenye prosesa. Feni zilikuwa za milimita 120. Kanuni yake ni nyepesi: bawa kubwa linalozunguka polepole husukuma hewa sawa na bawa dogo linalokimbia, kwa kelele kidogo zaidi. Hatua hiyo ya kuishusha pawasaplai ilivunja rasmi wazo la awali la ATX la 1995, na leo ni vigumu kulipata kasha la michezo lisilofanya hivyo.

Vipozeo navyo vilibadilika. Bomba la joto, ambalo George Grover alilifanyia kazi Los Alamos mwaka 1963 na ambalo vyombo vya angani vililitumia, lilishuka bei hadi likawa kitu cha kawaida kwenye prosesa. Ndani yake mna kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa moto, kikasafiri hadi mapezi ya alumini, kikapoa na kurudi kupitia kuta zake. Noctua ya Austria, iliyoanza 2005, na Hyper 212 ya Cooler Master zilionyesha kwamba mnara wa shaba na alumini wenye feni moja au mbili unatosha kwa karibu kila mchezaji. Kisha 2009 Corsair iliuza H50, kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani na kutengenezwa na Asetek ya Denmark, na maji yakaacha kuwa kazi ya fundi mwenye msumeno.

Hapa panahitaji tahadhari, kwa kuwa matangazo yamewaaminisha wengi kwamba maji hupoza kuliko hewa. Maji hayaondoi joto lolote chumbani. Huliondoa kwenye chipu haraka na kulipeleka kwenye rejeta, ambako hewa ndiyo inayolichukua, kama ilivyo kwa mnara wa shaba. Faida yake halisi ni kuihamisha sehemu ya kupozea hadi ukutani mwa kasha, pamoja na uwezo wa kumeza joto la ghafla kabla halijapanda. Mnara mzuri hukaribiana na rejeta ya milimita 240 kwa prosesa nyingi, na pampu haimo miongoni mwa vitu vinavyoweza kuharibika ndani yake.

2008–2016: Kasi yakabidhiwa kwa ubaridi, kioo chachukua nafasi

Geuko kubwa la kipindi hiki lilikuwa la kimyakimya. Mwaka 2008 Intel iliweka Turbo Boost kwenye prosesa za Nehalem, na 2012 NVIDIA ikaweka kitu kama hicho kwenye GTX 680. Chipu ikaanza kujipandishia kasi yenyewe pale inapoona kuna nafasi ya joto na umeme, na kuishusha nafasi inapokwisha. Wapo wasemao kwamba tangu hapo upozaji hauna maana sana, kwa kuwa chipu za kisasa hujilinda na haziungui. Ni kweli kwamba hujilinda. Mwaka 2001 prosesa ya Athlon iliyoondolewa kipozeo ikiwaka iliweza kuungua kwa sekunde chache, na leo hilo halitokei. Lakini zinajilinda kwa kupunguza kasi, na kasi ndiyo mchezaji aliyoilipia. Aliyenunua kadi ya bei kubwa akaifunga kwenye kasha lisilopumua anatumia kadi ya daraja la chini yake bila kujua.

Kwa bahati, joto lenyewe lilikuwa likipungua. GTX 480 ya 2010 ilikadiriwa wati 250 na ikalaumiwa sana kwa moto wake. GTX 680 ilishuka hadi 195, na GTX 1080 ya 2016 ikawa 180. Prosesa kama i7-3770K ilikadiriwa wati 77. Diski za hali mango ziliondoa diski ngumu, na sehemu ya kuwekea DVD ikapoteza sababu. NZXT ilitoa H440 mwaka 2014 bila sehemu hiyo kabisa, huku pawasaplai ikifunikwa kwa bamba. Kutoka hapo mbele pakafungwa, ubavu ukawa kioo, taa zikajaa. Wanaosema kasha la leo limeumbwa na mitindo wanakitazama kipindi hiki, na kwa kipindi hiki wako sahihi. Ila watazame pia namba za wati. Mbele ya kasha paliweza kufungwa kwa sababu kilichokuwa ndani hakikuwa na joto la kulalamikia.

2017 hadi sasa: Wavu warudi

Joto lilirudi, na mbele ya kasha pakafunguliwa tena. Fractal Design ya Sweden ilitoa Meshify C mwaka 2017, ikiwa na wavu mahali pa bamba, na vipimo vya halijoto vilivyofanywa na wachunguzi kama Gamers Nexus viliwaaibisha waliokuwa wakiuza vioo vilivyozibwa. RTX 3080 ya 2020 ilikadiriwa wati 320, RTX 4090 ya 2022 wati 450, na RTX 5090 ya 2025 wati 575, yaani kadi moja inayokula umeme mara tisa ya ule uliotolewa na pawasaplai ya IBM 5150. Deni la 1995 lililipwa kwa njia isiyo ya kawaida: NVIDIA iliifanya feni moja ya RTX 3080 yake ipitishe hewa katikati ya kadi na kuipeleka juu, kwenye prosesa. Waya nao ulifikia mpaka wake. Kiunganishi kipya cha 12VHPWR, kinachopitisha hadi wati 600 kwa pini sita za volti 12, kilianza kuyeyuka kwenye baadhi ya mashine wiki mbili hivi baada ya RTX 4090 kutoka, na 2023 kikafanyiwa marekebisho.

Joto limeanza hata kuamua jinsi chipu inavyopangwa kwa tabaka. AMD iliweka kashe ya ziada, yaani kumbukumbu ya haraka ya prosesa, juu ya silikoni ya 5800X3D na 7800X3D, na prosesa hizo zikawa bora kwa michezo ingawa kashe hiyo ilizuia joto kutoka. Novemba 2024, kwenye 9800X3D, kashe ilihamishiwa chini ili viini vikutane na kipozeo moja kwa moja, na kasi yake ikapanda. Wanaonikumbusha kwamba chipu za sasa hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila wati wana haki kamili. Kinachotokea ni kwamba watengenezaji huitumia akiba hiyo kupata asilimia chache za mwisho za kasi. RTX 4090 iliyowekewa kikomo cha asilimia 70 ya umeme wake hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi, na mtu anayeishi kwenye joto ana sababu nzuri ya kukiweka kikomo hicho.

Katika pwani ya Afrika Mashariki sababu hiyo ni nzito. Kipozeo cha hewa au cha maji hakiwezi kushuka chini ya halijoto ya chumba. Vipimo vingi vinavyosomwa kabla ya kununua hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hivi. Dar es Salaam au Mombasa, mwezi Februari, chumba chenyewe huweza kuwa nyuzi 32, na nyuzi hizo 12 za ziada huongezeka karibu zote kwenye chipu. Kasha la wavu lenye vichujio vya vumbi vinavyochomoka, na feni za kuingiza hewa zikiwa nyingi kidogo kuliko za kutoa ili vumbi lisinyonywe kwenye nyufa, lina thamani zaidi huku kuliko kule lilikopimwa.

Na wapo wengi wanaoanza na kompyuta ya ofisini iliyotumika, iliyoletwa kutoka Ulaya na kuuzwa upya Kariakoo au katikati ya Nairobi. Pawasaplai yake mara nyingi ni ya wati 240 hadi 290, haina waya wa kadi ya michoro, na kiunganishi chake hutofautiana na ATX, hivyo kuibadilisha si rahisi. Fundi huishia kumwekea mteja GTX 1050 Ti au GTX 1650, kadi za wati 75, kwa kuwa hicho ndicho kiwango ambacho tundu la PCI Express limeruhusiwa kutoa tangu kanuni zake za mwanzo. Mashine hiyo itacheza michezo mingi vizuri. Anayetaka zaidi inambidi achague kadi kwanza, ajumlishe wati zake na za prosesa, anunue pawasaplai yenye nafasi ya ziada, na kwa hesabu hiyo mkononi ndipo aingie dukani kutafuta kasha.